Mgeni wa Benchi la Nyuma

Jumapili, 5 Oktoba

Mvua za Durban zimeanza, na zimeanza na mimi. Nilifika kanisani viatu vimejaa maji, kola imelegea shingoni, na nywele nilizosukwa jana zimekata tamaa.

Kanisa lenyewe ni la matofali, katikati ya viwanda vya Jacobs. Wenyewe wanalitumia asubuhi kwa Kiingereza, mchana wanatuachia sisi Waswahili pamoja na harufu ya rangi kutoka kiwanda cha jirani. Mimi ndiye mchungaji hapa tangu Juni, Dayosisi iliponitoa Machame. Walitarajia mwanamume mrefu mwenye sauti nzito, wakaletewa Sia, mfupi, mnene, mwenye begi zima la biskuti. Mimbari imejengwa kwa vipimo vya yule mrefu, kwa hiyo nasimama juu ya kreti la soda. Leo kreti liliteleza nikatoweka katikati ya sala ya Neema. Nilipochomoza tena nikasema, "Na siku ya tatu akafufuka." Walicheka mpaka Hardy, mpiga kinanda wetu, akaangusha kitabu cha nyimbo. Hata Mzee Gadiel, mzee wa kanisa, Mpare asiye na muda na upuuzi, alijifanya anapiga chafya.

Walicheka wote isipokuwa Mama Marie-Claire. Ni mama mtu mzima kutoka Kongo, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na mkoba wake anauweka pembeni kushika nafasi. Yuko hapa miaka tisa na hakuna aliyewahi kumsikia akicheka. Hilo limeniuma kuliko goti nililoangukia. Nimejiapiza: kabla ya Krismasi atacheka.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua. Nimemuuliza Mzee Gadiel kwa nini Mama Marie-Claire hayumo katika jumuiya yoyote. Amesema kila akiambiwa asimame na wageni, hujibu, "Bado, namungoja mwenzangu." Leo sikula chokoleti hata moja, ukiacha zile mbili.

Jumapili, 12 Oktoba

Kwetu, baada ya matangazo, wageni husimama. Mgeni anataja jina, alikotoka na aliyemleta. Tunamwimbia, tunampungia mikono, na Mzee Gadiel anamkabidhi kwa jumuiya itakayomtembelea nyumbani. Asiyetambulishwa anabaki mpita njia hata akija miaka na miaka. Leo, kwa mvua ile, hakuna aliyesimama. Kanisa likanyamaza. Mimi kimya sikiwezi, huwa nakijaza kwa chochote kilicho karibu, na macho yangu yakatua kwenye nafasi tupu ya Mama Marie-Claire.

"Jamani, mbona mgeni tunaye?" nikasema huku nikionyesha pale penye mkoba. "Dada, simama, usione haya. Jina lako nani? Iteka! Karibu sana, Iteka. Umetoka wapi? Mbali, kwa miguu? Ndiyo maana umelowa hivyo! Na nani amekuleta? Umekuja mwenyewe, umemfuata mama." Kila nikiuliza nilitega sikio kama bibi asiyesikia vizuri. Watu hawakuwa na mbavu. Hardy akapiga kinanda, wakaimba wimbo wote wa kukaribisha wageni huku wakilipungia mikono benchi.

Nilimtazama Mama Marie-Claire kwa matumaini. Hakucheka. Alikuwa ameuondoa mkoba wake, ameupakata, na amesogea kidogo ili mtu apate nafasi ya kukaa vizuri.

Mlangoni Mzee Gadiel alinipa mkono bila kuutikisa. "Mchungaji, kukaribisha mgeni siyo maigizo." Nikamwambia yeye ni mti mkavu uliovaa koti. Hapana, sikumwambia. Nilisema, "Asante, mzee," na haya mengine nimekuja kuyaandika hapa.

Jumanne, 14 Oktoba

Amekuja Tina. Ana saluni, na yeye na Mama Marie-Claire wanakaa chumba kimoja huko Cato Manor. Alikataa chai, akakaa na koti lake mwilini.

"Mama pasteur, nani alikuambia ile jina?"

"Jina gani?"

"Iteka. Ni mutoto yake, binti yake moja tu. Balitoka Uvira bote babili, miezi mingi mu njia. Kufika ku mto Limpopo, maji ilikuwa mingi. Balishikana mikono, mukono ikatoka. Hata mwili haikuonekana. Mama anasemaka Iteka iko mu njia, atafika."

"Tina, mimi sikujua. Nakuapia."

"Najua hukujua. Mama alinikataza kuambia watu, na mimi sikuambia hata mutu moja. Njo maana nauliza: nani alikuambia?"

Nimejaribu kukumbuka jina lile nililitoa wapi. Sijaliona kwenye bango, sina rafiki mwenye jina hilo, na kwetu Machame halipo. Lilikuja tu mdomoni. Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Nimemaliza pakiti nzima ya biskuti bila kusikia ladha.

Jumapili, 19 Oktoba

Niliwahi kufika ili nimwombe radhi. Kabla sijafungua mdomo, Mama Marie-Claire alinishika mikono yote miwili. Alikuwa anang'aa. "Merci, mama pasteur. Miaka tisa namungojea nje. Wewe ulimufungulia mulango." Mimi ni mwoga. Nikamwambia karibu, nikaenda kuvaa joho.

Katika mahubiri nilitia kichekesho kimoja cha punda wa Balaamu, kidogo tu. Kabla sijafika mwisho wake mtu alicheka kule nyuma. Kilikuwa kicheko cha msichana: kinapanda, kinapanda tena, kisha kinaishia kwenye kwikwi. Nikafikiri ni Tina, lakini Tina alikuwa benchi la mbele, mbele yangu kabisa, anaandika maandiko. Kule nyuma alikuwepo Mama Marie-Claire peke yake, midomo ameifunga.

Ibada ilipoisha nikaenda kuliangalia lile benchi. Pembeni ya pale alipokaa yeye, mbao zilikuwa zimelowa, na maji yalikuwa na umbo la mtu aliyekaa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mzee Gadiel amepanda ngazi kukagua paa. Bati halivuji. Dari imekauka. Aliposhuka alikaa benchi la mbele muda mrefu, kofia mkononi, wala hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumapili, 26 Oktoba

Chai ya baada ya ibada. Mama Marie-Claire alichukua vikombe viwili, akaenda navyo nyuma. Alizungumza kwa sauti ya chini, akanyamaza kama anayesikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Kunywa, ikipoa haina utamu." Watu walijitia kuongea habari za mpira. Nilikwenda kukusanya vyombo. Kikombe chake kilikuwa kitupu. Cha pili kilikuwa kimejaa pomoni maji ya tope, na mchanga umetulia chini. Nilikimwaga uani nikakiosha mara tatu. Sitakinywea tena, nimekifunga kwenye gazeti.

Jumapili, 2 Novemba

Leo sikutania hata kidogo. Nilihubiri kama mtangazaji wa taarifa za vifo. Lakini somo lilikuwa la Sara kwenye mlango wa hema, na niliposoma "Sara akacheka moyoni mwake," kicheko kikatoka kule nyuma, kinapanda, kinapanda, kwikwi. Hardy aligeuka. Kwa hiyo sikisikii peke yangu.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua.

Jumanne, 11 Novemba

Tina alinipigia simu akaniambia niende, mama hali chakula. Nikaenda.

Sufuria zote zilikuwa zimepangwa mlangoni. "Hizi ni za Tina," Mama Marie-Claire alisema. "Vitenge ni za bamama ba kwaya. Mimi sina kazi nazo tena." Amekonda. Mifupa ya mashavu imetokeza, na bado ana ule mng'ao wa siku ile. Mkekani kulikuwa na sahani mbili za fufu na sombe, ugali wa muhogo na kisamvu cha kwao. Alikuwa akimega tonge kutoka sahani yake na kuliweka kwenye ile nyingine. Yeye mwenyewe hakutia kitu mdomoni muda wote niliokaa. "Ule mutoto iko na njaa ya njia," alinieleza, kana kwamba mgeni wa kueleweshwa ni mimi.

"Tina anasema unasafiri."

"Mvua ikiisha, tunaenda. Anasema ng'ambo kule kuko kukavu."

Nikakusanya ujasiri wote nilionao, ambao si mwingi. "Mama, siku ile nilikuwa natania. Sikuona mtu pale. Nilitunga."

Alinitazama kwa huruma, namna unavyomtazama mtoto aliyemwaga uji. "Najua hukuona mutu. Lakini ulimuita na jina yake mbele ya batu, bakamuimbia. Mutu akiitwa vile, anafika."

Kati ya mlango na godoro kulikuwa na nyayo za maji, ndogo, za mtu asiye na viatu. Tina alipokwenda kuchota chumvi alizipita kando, kwa adabu, namna unavyompisha mtu mlangoni. Nilitaka kukimbia. Nilibaki, tukamwomba aende hospitali akakataa, nikaomba sala ambayo sikumbuki hata neno lake moja.

Jambo nililotaka lilikuwa kumchekesha. Sasa nimempa kitu kinachomla.

Jumapili, 16 Novemba

Nilidhani Mzee Gadiel atawaandikia wakubwa waniondoe. Nilikuwa nimeshaandaa na majibu ya ukali. Leo nilimkuta peke yake kanisani kabla ya watu, anatandika kanga kavu kwenye benchi la mwisho, kwenye ile nafasi. Alivyoniona hakustuka.

"Mbao zile zina baridi," alisema.

"Mzee, unaamini kuna mtu?"

"Sijui, Mchungaji. Najua tulimwimbia. Ukishamwimbia mgeni, si mgeni wa Mama tu. Ni wetu sote." Akazikunjua pembe za kanga vizuri. "Na aliyemkaribisha ni wewe. Usimwachie Mama amhudumie peke yake."

Nilimwita mti mkavu. Naona haya kuusoma ukurasa ule.

Jumapili, 30 Novemba

Majilio. Tumewasha mshumaa wa kwanza. Mvua inapiga bati mpaka mahubiri hayasikiki. Mama Marie-Claire alishindwa kusimama wakati wa Injili. Kanga ya Mzee Gadiel inatoka imelowa chapachapa kila Jumapili, naye anaichukua, anaikamua mlangoni, anakwenda nayo nyumbani.

Jumamosi, 6 Desemba

Naandika kwa penseli maana kalamu inaniponyoka.

Mvua haijakatika tangu Alhamisi. Baada ya chakula cha mchana Tina alipiga simu. "Mama pasteur, ameenda! Ameacha funguo juu ya kitanda!" Hardy akaja kunichukua na gari ya bosi wake wa duka la simu. "Eish, barabara imekuwa mto," alikuwa anasema kila robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani huku, na maji yanagonga milango ya gari. Nyumbani hakuwepo, stendi ya taxi hakuwepo. Ni Hardy aliyesema, "Twende kanisani. Ule mutoto, anwani anayojua ni pale."

Nyuma ya kanisa, ng'ambo ya barabara inayopita getini, upo mfereji mkubwa wa viwanda, siku zote una kamkondo ka maji machafu tu. Leo ulikuwa umejaa hadi ukingoni, maji ya kahawia yanakwenda kwa kasi na kubeba matairi na milango ya watu. Uzio umeangushwa. Mama Marie-Claire alikuwa amesimama ukingoni kabisa, amevaa kitenge chake cha sikukuu, viatu amevitia kwapani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooka kidogo pembeni, vidole vimefumbata, kama anayemshika mtoto kuvuka barabara.

Sijakimbia tangu darasa la saba. Leo nilikimbia. Nilishika kitenge chake kiunoni, lakini niliogopa kumvuta. Ukingo ulikuwa tope tupu.

"Mama, mnakwenda wapi?"

"Anasema tuvuke sasa." Hakugeuka. "Ile siku mimi ndiye niliachia mukono, mama pasteur. Bote banasema maji ndiyo ilimubeba. Mimi niliachia. Leo siachii."

Nilitafuta sala, sikupata. Nilitafuta hata mzaha, Mungu anisamehe, na wenyewe sikuupata. Kilichokuja mdomoni ni adabu, ile niliyofundishwa na mama yangu kwa fimbo ya mgomba.

"Mama, Iteka ni mgeni wetu. Ameimbiwa mbele ya usharika mzima. Anaondokaje bila kuaga? Watu watasema hakulelewa."

Mabega yake yalishtuka. Nimemwona mama huyu akiwa na njaa, akiwa na baridi, lakini leo ndiyo mara ya kwanza kumwona ameona haya, haya ya mzazi ambaye mwanawe amesemwa mbele za watu. Aligeuza kichwa kushoto, akanong'ona kwa kilugha chao. Kisha akangoja. Na mimi nikangoja. Nasema ukweli wangu hapa: nilikuwa nangoja jibu.

"Anasema sawa," akaniambia. "Kesho."

Hardy alimshika upande mmoja, mimi upande mwingine. Upande wangu ulikuwa wa kushoto. Kiganja kile kilikuwa baridi kuliko mvua, na ngozi yake imekunjamana kama ya mtu aliyeloweka mikono tangu asubuhi.

Nimempigia Mzee Gadiel. Nilidhani atabisha. Aliuliza kitu kimoja tu: "Tumsindikize mpaka wapi?" Nikamwambia, getini, kama wageni wote.

Jumapili, 7 Desemba

Sikupanda kwenye kreti leo. Baada ya matangazo Mzee Gadiel alisimama akasema kwa sauti yake ileile ya kila wiki, "Wanaosafiri, wasimame."

Mama Marie-Claire alisimama, akajipinda kidogo kumpisha mwingine naye asimame. Nilitembea hadi kule nyuma. Hewa ya pale ilikuwa na harufu ya mto. Kanga ilikuwa inadondosha maji sakafuni, tone, tone.

"Iteka, binti Marie-Claire," nikasema. "Mimi nilikukaribisha kwa mzaha. Nakuomba radhi. Leo nakuaga kwa kweli. Umetutembelea, umekula kwetu, umecheka na sisi. Nenda salama. Mama yako tutamtunza." Hakuna aliyecheka. Hardy alianza wimbo wa kuagana, polepole, na watu wakaimba huku wakipunga mikono, wengine wanalia waziwazi.

Halafu tukatoka kumsindikiza. Kabla ya ibada nilikuwa nimemwambia Mama: utamfikisha getini, kisha utarudi pamoja na sisi, ndivyo mgeni anavyosindikizwa. Hakuwa amenijibu. Usharika mzima ulitembea nyuma yetu kwenye mvua, na Mzee Gadiel aliufungua mwavuli wake mkubwa akaushika pembeni ya Mama Marie-Claire, juu ya nafasi tupu. Yeye mwenyewe koti lilimlowa lote.

Getini Mzee Gadiel akafungua komeo. Ng'ambo ya barabara, kupita uzio ulioanguka, mfereji ulikuwa unanguruma. Mama aliweka mguu mmoja nje ya geti. Tina akanishika mkono akaufinya mpaka mifupa ikalia. Nilitaka kumrukia Mama, na nilijua kwamba nikimrukia leo, atakwenda kesho. Nikasimama palepale na hofu yangu.

"Iteka," Mama akasema. "Mama amechoka. Mama anabaki."

Vidole vyake vya mkono wa kushoto vikafunguka, kimoja kimoja. Havikuteleza. Alivifungua mwenyewe.

Mwavuli wa Mzee Gadiel ukainuka kidogo, kama unavyoinuka mtu akipita chini yake. Nikatazama chini. Kwenye simenti, katikati ya maji yote yale, palikuwa na nyayo mbili ndogo, kavu kabisa, zimeelekea nje. Mzee Gadiel aliziona. Hardy aliziona. Mvua ikazifuta.

Mama Marie-Claire aliurudisha mguu wake ndani. "Turudi," alisema. "Chai itapoa." Alikunywa vikombe viwili, vyote vyake, akala na mkate.

Alhamisi, 11 Desemba

Jua. Tina anasema Mama amedai sufuria zake zote zirudishwe, hata ile ambayo Tina alikuwa ameshaipenda.

Jumapili, 14 Desemba

Benchi ni kavu. Nililipapasa kabla watu hawajafika, na harufu iliyopo ni ya rangi ya kiwandani tu.

Mzee Gadiel akasema, "Wageni wetu, wasimame." Nilikuwa naangalia mlango. Aliyesimama ni Mama Marie-Claire.

"Naitwa Marie-Claire," alisema, akashika benchi la mbele yake. "Natoka Uvira. Nilikuja na mutoto wangu Iteka. Yeye amepita. Mimi nimefika."

Hardy alichelewa kupiga kinanda kwa sababu alikuwa anajifuta macho na mkono wa shati. Tulimwimbia. Wimbo uleule tuliolipungia benchi mwezi wa kumi, leo tulimpungia yeye, na alisimama wima mpaka ubeti wa mwisho, akipokea. Mzee Gadiel akamkabidhi kwa jumuiya ya Cato Manor, watamtembelea Jumatano.

Nikapanda mimbarini. Sikukusudia kitu, nilikuwa na hotuba yangu ya Majilio, na machozi yamenijaa, sikuona ninapokanyaga. Kreti likaondoka. Nilikwenda chini na Biblia, na miwani, na glasi ya maji.

Na nikiwa kule sakafuni nyuma ya mimbari nikakisikia. Kinapanda, kinapanda tena, kinaishia kwenye kwikwi.

Nikasema moyoni, amerudi, tumemsindikiza bure, amerudi. Sikutaka kuinuka. Nilishika ukingo wa mimbari nikajivuta polepole mpaka macho yangu yakapita juu.

Alikuwa Mama Marie-Claire. Mdomo ameuziba kwa mikono miwili na kicheko kinampenya kati ya vidole, machozi yanamtoka, kwikwi inamrusha mabega. Msichana alikuwa amerithi cha mama yake. Pembeni yake, mahali pa mkoba, alikuwa amekaa Tina, anamfuta uso kwa kanga ya Mzee Gadiel.